Nyumba na Sanduku la Posta: Historia Fupi ya Rekodi za Majina ya Vikoa

Utangulizi

Idara nyingi za Kiswahili katika nchi zetu sasa zina tovuti, na takriban zote zinategemea barua pepe katika kazi za kila siku. Kwa barua pepe tunawasiliana na watahini wa nje walioko Tanzania na Kenya, tunapokea maombi ya wanafunzi, na tunatuma makala kwenye majarida. Mara nyingi tovuti hutunzwa na kampuni moja, barua pepe hutunzwa na kampuni nyingine, na jina lenyewe huwa limesajiliwa mahali pa tatu. Tovuti inapohamishwa, hutokea barua zikakatika ghafla. Mwombaji anadhani amepuuzwa, mtahini anadhani maksi zimefika, na idara haijui lolote.

Makala hii inakusudia kueleza, kwa njia ya historia, kwa nini jina moja linaweza kuwa na makao mawili, na kwa nini makao hayo yakichanganywa barua hupotea. Sisi ni walimu wa lugha, si mafundi wa mitambo. Hata hivyo suala hili kimsingi ni suala la majina, na majina ni sehemu ya kazi yetu.

Enzi ya faili moja

Mtandao wa ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti, ulianza nchini Marekani mwaka 1969. Kompyuta zilikuwa chache na kila moja ilijulikana kwa namba. Kwa kuwa binadamu hukumbuka majina kwa urahisi kuliko namba, paliundwa faili moja iliyoitwa HOSTS.TXT, iliyoorodhesha majina ya kompyuta zote pamoja na namba zake. Faili hiyo ilitunzwa katika kituo cha habari za mtandao kilichokuwa SRI, Menlo Park, California, chini ya uongozi wa Bi. Elizabeth Feinler. Aliyetaka kuongeza kompyuta yake aliwasiliana na kituo hicho, na kila mwenye kompyuta alinakili faili nzima upya mara kwa mara.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson wa kampuni ya BBN alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao huo. Ndiye aliyechagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la kompyuta. Ikumbukwe kwamba wakati huo kilichofuata alama hiyo kilikuwa jina la mashine hasa, si jina la taasisi. Mashine ikiharibika au kubadilishwa, anwani za watu wake nazo zilikuwa hatarini.

Utaratibu wa faili moja ulifaa wakati kompyuta zilipokuwa makumi. Zilipofika mamia, kituo kilielemewa, majina yakaanza kugongana, na nakala zilizoko mbali zikawa zimepitwa na wakati hata kabla hazijatumika. Isitoshe, mtu mmoja hakuweza kutumia jina lolote bila ya kupitia ofisi moja.

Kuzaliwa kwa vikoa

Novemba 1983 Paul Mockapetris, wa Taasisi ya Sayansi za Habari ya Chuo Kikuu cha Southern California, alichapisha maelezo ya mfumo mpya, RFC 882 na RFC 883. Mfumo huo ndio tunaouita mfumo wa majina ya vikoa, kwa kifupi DNS. Wazo lake kuu ni kugawa madaraka. Hapana tena orodha moja ya dunia nzima. Kila kikoa kina orodha yake, nayo hutunzwa na seva alizozichagua mwenye kikoa. Ngazi ya juu hujua tu ni nani wa kuulizwa katika ngazi inayofuata, sawa na mgeni aulizaye njia: mjumbe wa mtaa humwelekeza kwa balozi, balozi humwonyesha nyumba.

Oktoba 1984 Jon Postel na Joyce Reynolds walieleza viishio vikuu kama vile .com, .edu na .org, pamoja na viishio vya herufi mbili vya nchi. Mwaka 1987 Mockapetris aliandika upya maelezo ya mfumo wake katika RFC 1034 na RFC 1035, ambayo hadi leo ndiyo msingi wake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba jina halikufungwa tena kwenye mashine. Chini ya jina moja ziliweza kuwekwa rekodi za aina mbalimbali. Rekodi ya A hutaja namba ya mashine. Rekodi ya NS hutaja seva zinazotunza orodha ya kikoa. Rekodi ya CNAME husema kwamba jina hili ni lakabu ya jina lile.

Barua yapata njia yake

Katika maelezo ya mwaka 1983 barua pepe ilipewa rekodi za aina mbili: MD, iliyotaja mashine ambako barua inaishia, na MF, iliyotaja mashine iwezayo kuipokea na kuisogeza mbele. Utaratibu huo ulileta utata. Seva iliyohifadhi nakala ya jibu la aina moja haikuweza kujua kama jibu la aina ya pili lipo, na hivyo mtumaji angeweza kupata nusu ya maelezo akadhani amepata yote.

Januari 1986 Craig Partridge alichapisha RFC 974, iliyounganisha rekodi hizo mbili kuwa moja iitwayo MX. Rekodi ya MX hutaja jina la mashine inayopokea barua za kikoa, pamoja na namba ya kipaumbele. Namba ndogo hujaribiwa kwanza; ikishindikana hujaribiwa inayofuata. RFC hiyo pia iliweka kanuni ambayo ni muhimu kwa mada yetu: kikoa kisipokuwa na MX yoyote, barua hupelekwa moja kwa moja kwa mashine iliyotajwa na jina lenyewe, yaani kwenye rekodi ya A.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuumiza kichwa kuielewa MX. Sisi tumezaliwa katika utaratibu wa sanduku la posta. Chuo kinaweza kuwa mlimani, lakini barua zake haziletwi mlimani. Huwekwa katika S.L.P. iliyoko mjini, au B.P. kama wanavyoandika majirani zetu wa Burundi na Rwanda. Mgeni anayekuja kutembelea chuo hufuata barabara ya mlimani. Mwenye barua hufuata namba ya sanduku. Rekodi ya A ni nyumba, na rekodi ya MX ni sanduku la posta. Chuo kikihamia jengo jingine, hakuna sababu ya sanduku kuhama nacho.

Eneo letu katika historia hiyo

Utengano huu wa nyumba na sanduku ulizifaa mno nchi zisizokuwa na intaneti ya kudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa vyuo vya Afrika Mashariki walitumia barua pepe kwa njia ya simu ya kawaida, kwa kutumia mtindo wa FidoNet. Barua zilizotumwa kwao kutoka intaneti zilipokewa na mashine ya lango, kwa mfano ile ya shirika la GreenNet mjini London, zikangoja hapo hadi simu ipigwe na zichukuliwe zote kwa pamoja. Mwandikiwa alikuwa Kampala au Nairobi, sanduku lake lilikuwa Uingereza. Kama barua zingelazimika kufika moja kwa moja katika kompyuta ya mwandikiwa, ambayo kwa saa nyingi haikuunganishwa na chochote, zisingefika kamwe.

Viishio vya nchi zetu vilikabidhiwa katika muongo huohuo: .ke mwaka 1993, .ug na .tz mwaka 1995, .rw na .bi mwaka 1996. Kongo inatoa funzo la pekee. Nchi hiyo ilipoacha jina la Zaire mwaka 1997, kiishio cha .zr nacho kilipoteza msingi wake. Kiishio kipya cha .cd kilianzishwa mwaka huohuo, na baadaye .zr kikafutwa kabisa. Kila anwani iliyoishia kwa .zr haikuwa na budi kubadilika au kufa, hata kama mashine yake haikusogezwa hata hatua moja. Kwa hiyo jina linaweza kufa ilhali mashine ni nzima, kama vile mashine inavyoweza kufa ilhali jina ni zima.

Tovuti yaingia katika jina la barua

Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo wa tovuti huko CERN, Uswisi, mwaka 1989, na mwaka 1991 ukafunguliwa kwa watu wa nje. Wakati huo jina la kikoa lilikuwa tayari linatumika kwa barua. Tovuti ilikuja kama mpangaji mpya, ikapewa chumba kilichoitwa www. Baadaye wasomaji walizoea kuandika jina tupu bila ya www, na jina tupu likalazimika kuelekea kwenye seva ya tovuti. Hapo ndipo jina lilelile moja lilipoanza kubeba mizigo miwili.

Tuchukue mfano wa chuo.example. Kiishio cha .example kilitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya mifano, nacho hakisajiliwi kwa mtu yeyote. Orodha ya chuo hicho inaweza kuwa hivi:

chuo.example — A — 192.0.2.10
www.chuo.example — CNAME — chuo.example
chuo.example — MX — 10 — barua.chuo.example
barua.chuo.example — A — 198.51.100.25

Tovuti iko kwenye mashine ya kwanza, barua iko kwenye mashine nyingine kabisa. Tovuti ikihamia kampuni mpya, kinachobadilishwa ni mstari wa kwanza tu. Mistari miwili ya mwisho haiguswi.

Makosa yanayokata barua

Kwa mujibu wa historia hii, makosa yafuatayo yanaeleweka kwa urahisi.

Kwanza, kuhamisha NS badala ya A. Kampuni mpya ya tovuti huomba seva zake ndizo zitunze kikoa. Ombi si baya, lakini orodha mpya huanza ikiwa na rekodi za tovuti peke yake. MX haimo. Kwa kanuni ile ya mwaka 1986, barua sasa zinabisha hodi kwenye seva ya tovuti. Huko hukataliwa papo hapo, au zinapokewa katika sanduku ambalo hakuna anayelifungua. La pili ni baya zaidi, kwa sababu mtumaji haarifiwi. Dawa yake ni kunakili orodha yote ya zamani, mstari kwa mstari, kabla ya kuhama.

Pili, MX kutaja jina la nyumba. Iwapo MX inasema barua ziende chuo.example, A ya jina hilo ikihama, barua nazo huhama bila ya kukusudiwa. Mashine ya barua ipewe jina lake. Jina hilo pia lisiwe lakabu, kwani kanuni zinakataza MX kuelekea kwenye CNAME.

Tatu, kuweka CNAME kwenye jina tupu. RFC 1034 inasema kwamba jina lenye CNAME lisiwe na rekodi nyingine yoyote. Mwenye lakabu huulizwa kwa jina lake halisi, na hivyo MX iliyoandikwa kando yake haisomwi.

Nne, seva ya tovuti kujidhani ndiyo posta. Seva nyingi za tovuti zina huduma ya barua ndani yake. Mgeni akijaza fomu ya maombi katika tovuti, seva huona jina la kikoa, ikadhani ni lake, ikaiweka barua hiyo ndani kwake bila ya kuuliza MX. Barua kutoka nje zinafika vizuri, na zile za fomu zinapotea. Msimamizi aiambie seva hiyo kwamba barua za kikoa hiki zinatunzwa mahali pengine.

Tano, kusahau ruhusa ya kutuma. Tangu mwaka 2006 kuna kanuni ya SPF, ambayo ni rekodi ya TXT inayotaja mashine zenye haki ya kutuma barua kwa jina la kikoa. Ikiwa tovuti nayo hutuma barua, mashine zote mbili zitajwe katika rekodi hiyo moja. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka watumaji wawe na uthibitisho wa namna hii, na barua isiyo nao inaweza kukataliwa.

Aidha, kila rekodi ina muda wa kuishi katika kumbukumbu za seva nyingine, uitwao TTL, nao huhesabiwa kwa sekunde. Rekodi yenye 86400 inaweza kukumbukwa kwa siku nzima baada ya kubadilishwa. Ni busara kuipunguza hadi 300 siku moja au mbili kabla ya kuhama, na mashine ya zamani isizimwe mpaka muda huo upite.

Hitimisho

Tumeona kwamba mfumo wa vikoa uliundwa ili jina liwe mali ya taasisi, si ya mashine. Manufaa hayo hupatikana tu ikiwa taasisi yenyewe inashika orodha yake. Katika idara nyingi nenosiri la kikoa liko kwa mtu mmoja, na akiondoka huondoka nalo. Tunapendekeza kila idara iwe na karatasi moja katika faili la ofisi, yenye nakala ya rekodi zote, jina la msajili, tarehe ya kulipia upya, na majina ya watu wawili wenye idhini ya kubadilisha. Nenosiri lenyewe litunzwe kwa siri mahali ambapo mkuu wa idara anaweza kulipata.

Wanafunzi wetu nao wana kazi hapa. Kikoa, seva, kiishio na rekodi ni istilahi ambazo bado hazijakaa sawasawa katika vinywa vya wengi, na njia bora ya kuzikomaza ni kuzitumia kueleza jambo lililotokea kweli. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wazee. Lakini sisi tuliokabidhiwa kazi ya kufundisha hatuna budi kuisema.