Dhoruba ikiisha, hatari njo inaanza: somo la milima ya Alpes

Leo tuongee historia ya kitu ambacho wengi wetu hatujakiona kwa macho: maporomoko ya theluji. Kwetu theluji iko tu kule juu kabisa ya Ruwenzori. Lakini historia hii inatuhusu, sababu ni historia ya onyo: nani analitoa, nani analisikia, na nani ana mamlaka ya kufunga njia.

Tuanzie mbali. Mwaka 1397, watu wa bonde la Urseren, pale Andermatt katika Uswisi, waliandika barua ya kukataza mtu yeyote kukata miti ya msitu ulio juu ya kijiji chao. Hawakuwa na maabara. Waliona tu kama miti inashika theluji isishuke, na siku msitu utaisha, kijiji nacho kitaisha.

Sayansi yenyewe ilikuja nyuma sana. Mwaka 1936 watafiti wachache walianza kazi katika maabara ndogo kule Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos. Walichimba mashimo katika theluji na kusoma kuta zake. Wakaelewa kama theluji ni tabaka juu ya tabaka, sawa kurasa za kitabu. Dhoruba ikimwaga theluji mingi, upepo ukairundika upande mmoja, na tabaka la chini likiwa halina nguvu, mteremko mzima unangoja kitu kidogo tu. Toka 1945 taasisi yao ikawa inatoa taarifa za hatari kwa raia.

Lakini taarifa peke yake haihamishi nyumba. Majira ya baridi ya 1950-1951, maporomoko yaliua watu 98 katika Uswisi pekee. Baada ya msiba ule walichora ramani za hatari, wakasimamisha vizuizi vya chuma juu ya miteremko, wakapanda miti upya. Februari 1999 theluji ya kutisha ikarudi, na safari hii wageni milimani walikuwa wengi kupita zamani. Uswisi walikufa watu 17. Ni 17 wa kulilia, ndiyo, lakini toka 98 kufika 17, pale njo unaona faida ya watu wanaopima theluji kila siku bila kupigiwa makofi.

Hata hivyo, mwaka ule ule ulionyesha mipaka ya ramani. Tarehe 23 Februari 1999, kule Galtür katika Austria, theluji ilishuka mpaka katikati ya kijiji, sehemu ambayo ramani ilihesabu kuwa salama. Watu 31 walikufa. Njia ilikuwa imefungwa, hali ya hewa ikazuia helikopta mpaka kesho yake, kwa hiyo wenyeji na watalii walichimba wenyewe usiku. Wiki mbili mbele ya pale, tarehe 9 Februari, watu 12 walikuwa wamekufa ndani ya nyumba kule Montroc, karibu na Chamonix, Ufaransa. Ile kesi ilifika tribinali: mwaka 2003 meya alihukumiwa miezi mitatu ya kifungo cha nje, kwa sababu hakuhamisha watu. Kusema «tulikuwa hatujui» hakukutosha tena.

Na wale wanaopanda milima kwa kujifurahisha, nje ya njia zinazolindwa? Toka 1993 nchi za Ulaya zinatumia kipimo kimoja cha hatari, toka 1 mpaka 5. Ungefikiri wengi wanakufa siku ya 5. Hapana. Siku ya 5 kila mtu anaogopa. Wengi wanakufa siku ya 3, dhoruba imepita, jua linawaka, theluji ni safi, na mtu anajiambia: si imekwisha? Kumbe tabaka mpya bado halijashikana na la chini. Mara nyingi sana, anayeamsha poromoko ni yeye mwenyewe ao mwenzake wa safari. Akifunikwa, wenzake wana dakika chache tu za kumtoa akiwa hai; wakichelewa nusu saa, tumaini linakuwa dogo sana.

Kwa hiyo tushike mambo mawili. Kwanza, kutokuona hatari hakumaanishi hatari haiko. Pili, onyo ni mnyororo: anayepima, anayetangaza, anayeamua, anayetii. Pete moja ikikatika, zingine zote zinakuwa bure.

Watu wa 1397 walilinda msitu kwa ajili ya wajukuu ambao hawakuwahi kuwaona. Kwenu, juu ya kijiji ao mtaa wenu, kuna mlima gani, mto gani, msitu gani? Na nani anaupima? Tuandikiane hapa chini.