Dozi

Kwetu dozi humezwa. Muuguzi hukukabidhi kibahasha cha vidonge kilichoandikwa 2x3, akakusihi umalize dozi hata ukipata nafuu. Ndani ya chombo cha angani neno hilohilo lina sura nyingine: dozi ni mionzi iliyokwisha kuingia mwilini, bila ladha wala maumivu, nayo huongezeka siku hadi siku. Ndiyo maana lazima ipimwe.

Mwaka 1980 Bertalan Farkas, mwanaanga wa kwanza wa Hungaria, alipanda na kipimadozi hadi kituo cha Salyut 6. Kinaitwa Pille, yaani kipepeo, jina zuri kwa kifaa chepesi namna ile. Kina kijibomba mfano wa kalamu, ndani yake fuwele zinazotunza nishati ya mionzi. Ukikichomeka kwenye kisomaji humohumo chomboni, fuwele hupashwa moto zikang'aa. Mng'ao ukizidi, dozi imezidi. Zamani vipimadozi vya aina hiyo vilisubiri kurudi duniani ndipo visomwe.

Wapo wanaopendelea “kipimo cha mionzi” badala ya “kipimadozi”. Nawaelewa, ila kipimo ni kifaa, ni kiasi, tena ni uchunguzi wa maabara. Mwanaanga akiuliza kipimo chake, tumpe kijibomba au tumpe tarakimu?