Saa na Masafa: Historia ya Upasuaji wa Mivunjiko ya Uti wa Mgongo kwa Mtazamo wa Chiwata

Historia ya tiba ya mivunjiko ya uti wa mgongo iliyoathiri neva huandikwa mara nyingi kama historia ya vifaa na madaktari bingwa. Makala haya yanadai kwamba kwa mkazi wa Chiwata, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde wilayani Masasi, historia hiyo ni ya safari pia.

Mwaka 1935 Leader Stirling, daktari mpasuaji Mwingereza aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alianza kazi Lulindi chini ya misheni ya UMCA. Zama hizo, hata Ulaya, aliyevunjika pingili na kupooza miguu alitazamiwa kufa kwa vidonda vya kulalia au maambukizi ya njia ya mkojo. Kuanzia mwaka 1944, Ludwig Guttmann alionyesha huko Stoke Mandeville, Uingereza, kwamba kumgeuza mgonjwa mara kwa mara na kukitunza kibofu kunaokoa maisha. Tiba hiyo ilitegemea uuguzi kuliko kisu.

Upasuaji wa kuondoa vipande vinavyogandamiza neva, kisha kukaza pingili kwa vyuma na skrubu, ulikomaa baadaye. Miongoni mwa waasisi wake ni Raymond Roy-Camille wa Ufaransa katika miaka ya 1960. Nchini Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Hata hivyo, taasisi hiyo iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Masasi, na hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa barabara ya pwani alivuka Mto Rufiji kwa pantoni.

Umbali huo una uzito wa kitabibu. Pingili zisizo imara zikitikiswa njiani huweza kuziumiza neva upya. Aidha, utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu majeraha ya shingo ulibaini kwamba waliopasuliwa ndani ya saa 24 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kurejewa na nguvu za viungo.

Hivyo basi, mtafiti anayeanzia chumba cha upasuaji huanzia katikati ya kisa. Kwa aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, tiba huanza chini ya mti ule, mikononi mwa majirani wanaomwinua.