Lusia Harris: Bingwa Aliyeitangulia Ligi

Masimulizi mengi kuhusu wanawake wa Marekani waliofanya mpira wa kikapu kuwa kazi ya kuwapatia riziki huanzia Juni 21, 1997, siku ambayo Los Angeles Sparks na New York Liberty zilikutana mjini Inglewood, California, katika mchezo wa kwanza wa WNBA, ligi ya wanawake iliyoanzishwa chini ya mbawa za ligi ya wanaume ya NBA. Tarehe hiyo ni sahihi kwa ligi yenyewe, lakini inapochukuliwa kuwa ndiyo chimbuko la mchezo wa kulipwa kwa wanawake hukisahau kizazi kizima kilichocheza kwa kiwango cha juu pasipo kuwapo mwajiri wa kukipokea. Katika kizazi hicho hakuna aliyeonyesha pengo hilo waziwazi kuliko Lusia Harris wa Mississippi, ambaye alitwaa ubingwa wa vyuo mara tatu mfululizo akiwa mwanafunzi, kisha akafikia umri wa kuajiriwa na kukuta kwamba ajira yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa.

Harris alizaliwa Februari 10, 1955, katika kijiji cha Minter City, kwenye sehemu ya Mississippi iitwayo Delta, jina ambalo huko halimaanishi mlango wa mto unapoingia baharini bali uwanda mpana wenye rutuba ulio baina ya mito Mississippi na Yazoo, ambao kwa zaidi ya karne moja uliishi kwa pamba. Alikuwa mtoto wa 10 kati ya 11 wa familia ya wakulima Weusi, na kuchuma pamba kulikuwa sehemu ya utoto wake. Kilomita chache kutoka hapo, katika Agosti ya mwaka huohuo aliozaliwa, kijana Mweusi wa miaka 14, Emmett Till, alitekwa na kuuawa na Wazungu, na waliofikishwa mahakamani kwa mauaji hayo waliachiwa huru. Chuo Kikuu cha Mississippi kilimpokea mwanafunzi wake wa kwanza Mweusi, James Meredith, mwaka 1962 chini ya ulinzi wa askari wa serikali kuu. Mambo hayo yanahitaji kutajwa, kwa kuwa miaka 11 tu baada ya tukio la Meredith ndipo Harris alipoingia katika chuo cha umma cha jimbo hilohilo.

Mchezo wenyewe aliujifunza nyumbani pamoja na ndugu zake, na usiku, muda wa kulala ulipokwisha kupita, alijifunika blanketi pamoja na televisheni ili mwanga usionekane, akawatazama Oscar Robertson, Bill Russell na Wilt Chamberlain. Shuleni urefu wake uliwapa wenzake sababu ya kumtania, lakini katika Shule ya Sekondari ya Amanda Elzy, mjini Greenwood, urefu huohuo ulimfanya nahodha na mfungaji mkuu. Alikusudia kwenda Alcorn State, chuo cha Weusi ambacho wakati huo hakikuwa na timu ya wanawake, na pengine historia yake ingeishia hapo, kama wasaka vipaji wa Delta State, chuo kilichopo katika mji mdogo wa Cleveland, Mississippi, wasingemshawishi ajiunge nao.

Delta State nayo ilikuwa na jeraha lake. Mwaka 1932 uongozi wa chuo uliifuta timu ya wanawake kwa hoja kwamba mpira wa kikapu ni mzito mno kwa mabinti, na wachezaji wa timu hiyo, akiwemo Margaret Wade, walilia na kuzichoma jezi zao moto. Fikra hiyo haikuwa ya chuo kimoja tu, kwa kuwa kwa miongo mingi wanawake wa vyuo vya Marekani walicheza kwa kanuni zilizopunguza mbio, ambapo kila upande ulikuwa na wachezaji sita na wengi wao hawakuruhusiwa kuvuka nusu ya uwanja, mpaka kanuni za wachezaji watano kwa uwanja mzima zilipokubaliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ijulikanayo kama Kifungu cha Tisa, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Delta State ilipoifufua timu yake mwaka 1973, baada ya miaka 41 ya ukimya, ilimwita Wade awe kocha. Harris aliingia chuoni mwaka huohuo, akiwa Mweusi pekee katika kikosi, na hivyo mwanamke aliyenyang'anywa mchezo kwa sababu ya jinsia yake akakutana na binti ambaye ujana wake ungekuwa umekwisha kabla ya kupata nafasi kama angezaliwa miaka 10 mapema.

Harris alicheza nafasi ya mchezaji wa kati, yaani yule anayesimama karibu na kikapu na kukipa mgongo huku akisubiri pasi, kisha hugeuka upande mmoja au mwingine na kufunga kwa umbali wa hatua moja au mbili. Ni nafasi inayodhaniwa kuwa ya nguvu tupu, kumbe hutegemea zaidi miguu na wakati: anayegeuka mapema humwonyesha mlinzi njia, na anayechelewa hujikuta amezingirwa na watu wawili. Harris, mwenye urefu wa sentimita 191, alikuwa na mikono laini iliyoudaka mpira na kufunga bila kuushusha chini kwanza, hivyo mlinzi hakupata hata nafasi ya kuugusa. Wakati huo hapakuwapo mstari wa pointi tatu, na wanawake walitumia mpira wenye ukubwa uleule wa wanaume. Katika michezo 115 ya chuo alifunga pointi 2,981, wastani wa takriban 26 kwa mchezo, na kunyakua ribaundi 1,662, yaani mipira inayodunda kutoka kwenye ubao au pete baada ya mtu kukosa kufunga.

Mashindano ya vyuo ya wanawake yalisimamiwa wakati huo na chama chao wenyewe, AIAW, kwa kuwa NCAA, chombo kikuu cha michezo ya vyuo, hakikuanzisha ubingwa wa wanawake wa mpira wa kikapu mpaka 1982. Bingwa wa 1972, 1973 na 1974 alikuwa Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki cha Pennsylvania. Katika fainali ya 1975 Delta State iliiangusha Immaculata kwa 90 kwa 81, Harris akifunga pointi 32, na timu ikamaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja. Taji hilo lilibaki Delta State mwaka 1976 na tena 1977, na katikati ya miaka hiyo timu ilishinda michezo 51 mfululizo. Katika mchezo mmoja ndani ya ukumbi wa Madison Square Garden mjini New York, Harris alifunga pointi 47 peke yake.

Mwaka 1976 mpira wa kikapu wa wanawake uliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, mjini Montreal, na pointi za kwanza kabisa katika historia ya mashindano hayo zilifungwa na Harris katika mchezo dhidi ya Japani, ambao Marekani iliupoteza. Marekani iliondoka na medali ya fedha, na Harris akaongoza timu yake kwa pointi na kwa ribaundi. Dhahabu ilikwenda kwa Umoja wa Kisovieti, ulioicharaza Marekani kwa 112 kwa 77 ukiwa na Uljana Semjonova wa Riga, mwanamke mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.1. Tofauti ya wachezaji hao wawili haikuwa ya urefu peke yake. Semjonova alikuwa na klabu, TTT Riga, ambamo aliendelea kucheza kwa miaka mingi chini ya mfumo uliotunza wanamichezo kwa fedha za dola hata walipoitwa wa ridhaa, wakati Harris alirudi Mississippi kumaliza mwaka wake wa mwisho wa masomo, na baada ya mwaka huo hakuwa na timu ya kwenda.

Juni 1977 jina lake liliitwa mahali ambapo halikutarajiwa. Kila mwaka timu za NBA huwagawana wachezaji wapya kwa zamu, raundi baada ya raundi, na katika raundi ya saba New Orleans Jazz, klabu iliyohamia Utah baadaye, ilimchagua Harris akiwa wa 137. Warriors wa San Francisco walikuwa wamemchagua mwanamke, Denise Long, mwaka 1969, lakini ligi iliubatilisha uteuzi ule, hivyo Harris anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza na wa pekee aliyeteuliwa rasmi. Hakwenda kwenye majaribio. Alikuwa ameolewa Februari ya mwaka huo na alikuwa mjamzito, na mwenyewe alieleza kwamba hakuona sababu ya kwenda kushindana na wanaume. Magazeti hupenda kulifanya tukio hili kiini cha maisha yake, na hapo huenda kombo, kwa sababu wachezaji wa raundi za mwisho, hata wanaume, kwa kawaida hawakupata ajira, na uamuzi wake ulikuwa wa busara kabisa. Jambo zito ni kwamba mchezaji bora wa nchi yake, akiwa na miaka 22, aliletewa ofa moja tu ya kucheza, nayo ilitoka kwenye ligi ya wanaume.

Ligi ya wanawake, WBL, ilianza Desemba 1978 ikiwa na timu nane, na Houston Angels ikawa bingwa wa msimu wa kwanza. Harris, aliyekwisha kuwa mama, alijiunga na timu hiyo msimu wa 1979–80, na huo ndio uliokuwa msimu wake pekee wa kulipwa. Ligi yenyewe ilivunjika mwaka 1981, baada ya baadhi ya timu kuchelewesha mishahara na nyingine kushindwa kuilipa kabisa. Riziki yake ya kweli ilitoka kwingine: alifanya kazi katika ofisi ya udahili ya Delta State, akafundisha timu ya wanawake ya Texas Southern mjini Houston kuanzia 1984 hadi 1986, kisha akarudi Amanda Elzy, shule aliyosoma, kuwa mwalimu na kocha. Alilea watoto wanne, na kwa miaka mingi aliishi na ugonjwa wa akili uitwao baipola, ambao humpandisha mtu kwenye msisimko mkali na kumshusha kwenye huzuni nzito, na ambao baadaye aliuzungumzia hadharani bila kujificha.

Heshima zilikuja, lakini karibu zote zilimkuta amekwisha kupita. Tuzo ya mchezaji bora wa kike wa vyuo, inayobeba jina la kocha wake Margaret Wade, ilianza kutolewa mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya yeye kuhitimu. Mwaka 1992 yeye na Nera White walikuwa wanawake wa kwanza kuingizwa kama wachezaji katika Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa kikapu, Massachusetts, na aliyemsindikiza jukwaani alikuwa Oscar Robertson, yuleyule ambaye Harris alimtazama akiwa chini ya blanketi. WNBA ilipofunguliwa alikuwa na miaka 42, na katika kikosi cha Sparks cha msimu ule alikuwamo Mwadi Mabika wa Kinshasa, aliyekuwa na miaka 20 alipojiunga na ligi hiyo, na ambaye angecheza humo mpaka 2008 na kutwaa ubingwa mara mbili. Mwaka 2021 mtengenezaji filamu Ben Proudfoot alimweka Harris mbele ya kamera ili asimulie mwenyewe, katika filamu fupi ya dakika zipatazo 20, *The Queen of Basketball*. Harris alifariki dunia Januari 18, 2022, akiwa na miaka 66. Filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar Machi 27, siku 68 baada ya kifo chake.