Saa Ngapi Bila Stima?

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia giza. Mimi nilikuwa chumbani kwangu Umoja nikigeuza mahojiano ya sauti kuwa maandishi, kazi ya kulipwa kwa ukurasa, na mteja alikuwa anaitaka kabla ya alfajiri. Laptopi yangu ilikuwa na mwezi mmoja tangu niinunue katikati mwa jiji. Muuzaji alikuwa ameniapia kabisa: “Brathe, hii ni ex-UK safi, haijaguswa. Betri masaa matano, bila wasiwasi.”

Ilikaa dakika 38. Nazijua kwa sababu nilizihesabu.

Kazi ilinipita, na mteja naye akaenda. Baadaye nilianza kusoma historia ya hizi mashine, mwanzoni kwa hasira tu. Nilitaka kujua ni lini tulikubaliana kwamba kompyuta ya kubebwa ni kitu cha kuishi karibu na soketi. (Shuleni tuliambiwa tuiite kipakatalishi, yaani kitu cha kupakata. Mtaani sijawahi kumsikia mtu akiuza kipakatalishi.) Nilichokuta ni kwamba hapakuwa na siku kama hiyo. Kuna wakati laptopi za bei ya kadiri zilikaa na chaji kuliko nyingi za leo, kisha tukazipoteza.

Turudi 1981. Adam Osborne, mwandishi wa vitabu vya kompyuta aliyegeuka mfanyabiashara, alianza kuuza Osborne 1 kwa dola 1,795. Ilifungwa kama cherehani ya kubeba, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11, na kioo chake kilikuwa cha inchi 5, kidogo kuliko cha simu uliyoshika sasa. Betri ndani haikuwepo. Kuibeba ungeibeba, lakini kuitumia ilibidi kwanza ufike penye plagi.

Wakati huohuo Wajapani walikuwa wanafikiria vingine. Epson HX-20 iliingia sokoni 1982 ikiwa na ukubwa wa daftari, uzito wa kilo 1.6 hivi, printa ndogo ndani yake, na betri ya kuchaji iliyoweza kukaa takriban saa 50. Ndiyo, saa 50. Skrini yake ilionyesha mistari minne tu, kwa hiyo ilikuwa kama kuandika kupitia tundu la kitasa, lakini iliandika.

Ninayoipenda zaidi ilikuja mwaka uliofuata: TRS-80 Model 100, iliyouzwa na Radio Shack wa Marekani na kuundwa na Kyocera wa Japani. Bei ilianzia dola 1,099. Ilitumia betri nne za AA, hizi ndogo unazotia kwenye rimoti, na ilikaa nazo karibu saa 20. Zikiisha, unaingia duka lolote, unanunua nyingine nne, unaendelea na sentensi yako. Ukibonyeza swichi inawaka papo hapo. Bill Gates mwenyewe alishiriki kuandika programu zake. Waandishi wa habari waliing'ang'ania miaka mingi, kwa sababu kibodi yake ilikuwa ya kuandikia kwelikweli, na ndani ilikuwa na modemu ya kutuma habari ofisini kwa laini ya simu. Skrini haikuwa na mwanga wake, mistari minane tu, herufi 40 kila mstari.

Fikiria hilo kidogo. Mtu angepanda basi Nairobi, aandike njia yote hadi Mombasa, arudi akiandika, na betri za duka la mtaa bado zisimtupe. Miaka 40 baadaye mimi sikumaliza hata faili moja.

Kilichotokea katikati si siri. Skrini zilipata mwanga, kisha rangi. Diski zinazozunguka ziliingia, prosesa zikawa na kasi, na kila kilichoongezwa kilikuja na mdomo wake wa kula umeme. Mwaka 1991 Sony walianza kuuza betri ya lithiamu-ioni, kwanza kwa ajili ya kamera za video, na hiyo ndiyo kemia iliyo kwenye simu na laptopi yako hadi leo. Watatu walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ungedhani betri bora ingeturudishia zile saa 20. Wapi! Kila betri ilipopata nguvu zaidi, watengenezaji waliitumia nafasi hiyo kuongeza walaji wengine, au kuipunguza betri yenyewe ili mashine iwe nyembamba. Kwa miaka mingi saa mbili au tatu zilihesabiwa kuwa kawaida, na hakuna aliyeomba msamaha.

Uimara nao una hadithi yake, na hapa lazima nimtaje yule mweusi. IBM walizindua ThinkPad 700C mwezi Oktoba 1992. Umbo lake lilitoka kwa Richard Sapper, Mjerumani aliyefanyia kazi Milano, aliyeichora akiwaza kisanduku cha chakula cha Wajapani: nje cheusi, kimetulia, mshangao uko ndani ukifungua. Desemba 1993 mojawapo wa ndugu zake, 750C, ilipanda angani na chombo cha Endeavour kilichokwenda kuitengeneza darubini ya Hubble.

Lakini angalia bei ya 700C: dola 4,350. Nani alinunua? Si mwanafunzi. Zilinunuliwa na makampuni kwa ajili ya wafanyakazi wao, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichouziwa. Kampuni yenye watu elfu moja inajua laptopi moja ikivunjika bawaba inagharimu nini: siku ya mfanyakazi iliyopotea, fundi, usafiri wa kuirudisha. Kwa hiyo inadai bawaba za chuma, fremu ya magnesiamu, kibodi yenye njia za kupitisha chai iliyomwagika, na kitabu cha fundi kinachoonyesha kila skrubu inakaa wapi. Lenovo, walioinunua biashara hiyo kutoka IBM mwaka 2005, bado wanaviweka vitabu hivyo wazi, bure. Dell na HP nao walijenga laptopi zao za ofisi, Latitude na EliteBook, kwa hesabu hiyohiyo. Uimara haukutokana na upendo. Ulitokana na mhasibu aliyepiga kalamu.

Mnunuzi wa kawaida hana mhasibu. Anasimama mbele ya rafu, na kibandiko kinampa namba: RAM hii, diski hii, inchi hizi. Hakuna kibandiko kinachosema bawaba imefungwa kwenye plastiki nyembamba na itaachia ndani ya miaka miwili. Mtengenezaji akitaka kushusha bei, anapunguza pale ambapo kibandiko hakisemi. Ndiyo maana laptopi mpya ya bei ya chini inaweza kuwa na prosesa ya mwaka huu ndani ya mwili usiofika mwaka kesho.

Waliojaribu kuvunja hesabu hiyo walikuwepo. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Tunis, Nicholas Negroponte alisimama na Kofi Annan kuonyesha laptopi ya kijani ya dola 100, yenye mkono wa manjano wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Mashine yenyewe, XO-1, ilipotoka 2007, mkono ule ulikuwa umeondolewa na bei ilikaribia dola 200. Watu waliicheka. Mimi siicheki tena. Ilikuwa na skrini inayosomeka juani, kibodi iliyozibwa isiingie vumbi, na ilikula umeme kidogo mno. Rwanda walizichukua kwa wingi kuwapa watoto wa shule. Hapa kwetu ahadi ya laptopi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ilikuja na kampeni za 2013, na miaka mitatu baadaye ikafika ikiwa tableti. Angalau XO ilibuniwa na watu waliouliza swali sahihi: ikiwa huyu mtumiaji hana stima ya kutegemea, tujenge nini?

Eee PC ya Asus, ya mwaka 2007 pia, ilikuwa na skrini ya inchi 7, na ilifungua mlango wa laptopi ndogondogo za bei rahisi zilizojaa kila mahali kwa miaka kama mitatu. Moja nilikuwa nayo, na sikuilia ilipokufa.

Kwa hiyo tuliobaki tunanunua za mhasibu, baada ya mhasibu kumaliza nazo. Kampuni ya Ulaya inazitumia miaka mitatu, minne, kisha inaziuza kwa jumla, na safari yake inaishia Luthuli au Moi Avenue zikiwa zimefutwa vizuri na kupangwa. Mwili bado una miaka mingi. Betri ni kitu kingine. Lithiamu-ioni huzeeka hata isipotumika, na huzeeka haraka zaidi ikikaa imejaa asilimia 100 kwenye joto. Sasa ifikirie laptopi ya ofisi: imekaa mezani miaka minne, chaja imechomekwa usiku na mchana, haijawahi kuonja matatu wala mvua. Ikifika kwetu inang'aa, haina hata mkwaruzo. Hiyo ndiyo unayopaswa kuiogopa. “Haijaguswa,” aliniambia yule brathe, na huenda alikuwa anasema kweli.

Hili nilielezwa na fundi mmoja mzee aliye na meza yake kwenye ngazi za jengo fulani mjini. Nilimpelekea laptopi yangu nikitaka anithibitishie kwamba nimeibiwa. Alifungua dirisha jeusi la amri, akaandika powercfg /batteryreport, na ripoti ikatoka. Akaniwekea kidole kwenye mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake sasa. “Kijana, wewe ulinunua rangi,” akasema. “Sasa soma namba.” Mstari wa pili haukufika hata robo ya wa kwanza.

Namba hizo ni rahisi ukishazizoea. Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Laptopi ya ofisi ukiwa unaandika tu, mwanga wa skrini ukiwa wa wastani, hula kama wati 8. Betri ya wati-saa 48 basi itakupa saa sita hivi. Iliyobaki na 12 itakupa moja na nusu, na ukifungua video hata hiyo hutaiona. Muuzaji akikataa uandike amri hiyo dukani, umeshapata jibu lako. Betri mbovu yenyewe si sababu ya kuiacha mashine nzuri, mradi umtoze muuzaji bei ya betri mpya kabla ya kulipa. Bawaba mbovu ni sababu.

Kuna jambo moja linaloniuma katika historia hii. Mwaka 2013 prosesa za Intel zilipunguza ulaji wa umeme kiasi kwamba MacBook Air ya inchi 13 ilipanda kutoka saa 7 hadi 12 kwa hesabu za Apple wenyewe. Saa zilikuwa zinarudi hatimaye. Lakini miaka ileile betri zilikuwa zinafichwa ndani, zikifungwa kwa skrubu na wakati mwingine gundi, zisitolewe tena kwa kidole. Kwa mtu anayenunua mpya na kuitupa baada ya miaka mitatu, hasara hiyo haionekani. Kwa mnunuzi wa pili, na sisi karibu wote ni wa pili, kile kilango cha betri kilikuwa na thamani kuliko prosesa.

ThinkPad T480 ya 2018 ndiyo iliyokaa kwenye mpaka. Ina betri ndogo ndani ya wati-saa 24, na nyingine nyuma unayoweza kuichomoa mashine ikiwa inawaka, ile ndogo ikaishikilia hadi uweke nyingine. Ya nyuma unaweza kupata hata ya wati-saa 72. Mrithi wake, T490, hakuja na mpango huo. Prosesa nyingi za T480 ni za kizazi cha nane, kizazi ambacho Microsoft walikifanya mwanzo wa kukubaliwa na Windows 11, kwa upande wa Intel. Za kizazi cha sita na saba ziliachwa nje, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi zilikuwa na sababu nyingine ya kuzitoa mlangoni. Ukiona laptopi nzuri sana kwa bei ya kutupa, uliza kizazi. Kama huogopi Linux, chukua tu.

Mimi nilichukua T480. Kwa chini bado ina kibandiko cha namba ya mali ya ofisi fulani, na mfuniko una mikwaruzo mitatu mirefu, kama mtu aliizoea kuisukuma kwenye begi lenye funguo. Niliipenda kwa hiyo mikwaruzo. Muuzaji alishangaa nilipoikataa ile safi iliyokuwa kando yake, akanipunguzia mia tano bila kuulizwa.

Jana usiku stima ilipotea tena saa tatu na robo. Nilifungua ripoti: ya nyuma ilitoka kiwandani na 48, sasa inashika 39. Nikapunguza mwanga, nikaendelea na faili.