Utambuzi wa virusi katika mashapo

Ni mbinu za maabara za kutafuta virusi vya kinyesi cha binadamu, kama vya polio na homa ya ini A, katika tope la mito na bahari. Virusi hunata kwenye chembe za mfinyanzi, na kuvibandua ndiyo kazi kubwa: tope hukorogwa katika mchuzi wa nyama ya ng'ombe wenye pH ya 9 hivi, kisha huzungushwa kwa kasi mashineni na maji ya juu kukusanywa. Kipimo cha PCR hutambua jeni upesi, ila asidi za mboji hukivuruga, wala hakitofautishi kirusi kinachoambukiza na kilichokufa. Ili kujua kama kirusi kinaambukiza, hutumika seli hai, mfano Vero, zilizotokana na figo ya tumbili. Hata hivyo, virusi vya noro, navyo vya kinyesi, havioti humo.