Waya uliovuka mupaka: CEPGL na maji ya Ruzizi



Mutu akisimama Bukavu usiku na kuangalia ng'ambo ya Ruzizi, anaona taa za Cyangugu, upande wa Rwanda. Wengi wetu tunaziangalia na wivu kidogo, maana huku kwetu kuran inakatika sana. Lakini si wote wanaojua kama sehemu ya umeme wa pande zote mbili inatoka fasi moja, na kama Burundi nayo inakula ku sahani hiyo hiyo. Leo tuongee hiyo historia. Inatufundisha kitu juu ya ujirani ambacho hotuba za wakubwa hazisemi.

Tuanze na muto wenyewe. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, kwenye mita karibu 1.460 juu ya bahari, inashuka mpaka Ziwa Tanganyika, kwenye mita karibu 770. Sehemu kubwa ya ule mushuko iko mwanzoni, katikati ya milima, mbele ya kufika ku uwanda. Ndiyo maana wajenzi wa barage wanaupenda sana. Shida ni moja: muto huo ndio mupaka. Huku Kongo, ng'ambo Rwanda, na mbele kidogo Burundi. Ukifunga maji juu, jirani wa chini atajua.

Wakati wa ukoloni hiyo haikuwa shida. Ubelgiji ilitawala Kongo, tena ikapewa Ruanda-Urundi baada ya vita ya kwanza ya dunia. Barage ya Ruzizi I ilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na umeme wake ukafika hadi Usumbura, muji tunaouita leo Bujumbura. Hakuna mutu aliyekaa ku meza kujadiliana, juu bwana alikuwa mumoja. Kisha Kongo ikapata uhuru 1960, Rwanda na Burundi 1962. Waya ulibaki pale pale, lakini sasa wenye kuamua walikuwa watatu.

Ilibidi basi watafute namna ya kusikilizana. Mwaka 1974 walianzisha EGL, shirika la kushugulikia nishati ya nchi tatu. Mwaka 1975 Zaire na Rwanda zikaandikiana mukataba juu ya gesi ya metane iliyo ndani ya Ziwa Kivu. Na tarehe 20 Septemba 1976, kule Gisenyi, Mobutu, Habyarimana na Micombero walitia sahihi mukataba wa CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makubwa.

Neno la kwanza la mukataba ule halikuwa biashara. Lilikuwa usalama: kila mumoja alitaka jirani asifiche maadui zake. Tena muangalie tarehe. Miezi miwili haikutimia, tarehe 1 Novemba 1976, Micombero akapinduliwa na Bagaza. Prezida alianguka, lakini jumuiya haikuanguka naye.

Kisha wakagawana ofisi, sawa vile familia inagawana nyama ya sikukuu ili mutu asinunike: sekretarieti Gisenyi, benki ya maendeleo Goma, kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo Gitega. Na mwaka 1983 wakaunda SINELAC, sosiete ya umeme ya nchi tatu, makao yake Bukavu. Kazi yake ni barage ya Ruzizi II, iliyoanza kutoa umeme mwaka 1989. Nguvu yake ni megawati karibu 44, na hesabu yake ni nyepesi hata kwa mutoto wa shule: nchi tatu, hisa sawa, umeme kugawanywa kwa tatu. Kongo na ukubwa wake wote haikupewa zaidi ya Burundi.

Upande wa watu, nchi tatu zilikubaliana mwaka 1985 juu ya uhuru wa kutembea, kupitisha mali na kukaa ku nchi ya jirani. Makaratasi ya CEPGL yakajulikana na bamama wa soko kuliko hata pasipo. Mama anayetoka Goma kutafuta maziwa na nyanya Gisenyi hajawahi kusoma mukataba hata mumoja. Lakini anajua kama jeto yake ikikubaliwa ku Petite Barrière, watoto watakula. Ikikataliwa, watalala njaa.

Halafu moto ukawaka. Oktoba 1993 prezida Ndadaye aliuawa Burundi. 1994 Rwanda ikapitia mauaji ya kimbari ya Watutsi. 1996 na 1998 vita ziliingia kwetu. Nchi zilizokuwa zimeahidi kulinda usalama wa mwenzake zilikuwa sasa zinapigana. CEPGL ikalala zaidi ya miaka kumi, mpaka ilipoamshwa rasmi 2007. Lakini SINELAC haikufutwa. Barage haikukatwa vipande vitatu. Sababu ni rahisi: huwezi kukata sehemu yako ya ukuta mumoja unaoshika maji, ukabaki na mwangaza.

Hapa njo ninaona somo. Ahadi ya usalama ilivunjika. Ahadi ya kutembea inapanda na kushuka kufuatana na hasira za wakubwa: Juni 2022 mupaka wa Goma ulianza kufungwa saa tisa ya mangaribi, na Januari 2024 Burundi ikafunga mupaka wake na Rwanda. Kilichodumu ni kile kilichofungwa na waya, mashine na kompteri, fasi ambapo kumuumiza jirani ni kujiumiza.

Tuangalie gesi ya Kivu kwa kulinganisha. Mukataba wa 1975 ulisema tutumie pamoja. Lakini hapakuwa na mashine moja ya wote wawili. Rwanda ikaendelea upande wake, na tangu 2016 kituo cha KivuWatt kinatoa megawati 26. Sisi tungali tunaongea. Ziwa ni lile lile, gesi ni ile ile.

Lakini tusijidanganye, hata waya unaweza kufa. SINELAC imesumbuliwa miaka mingi na madeni ya mashirika ya umeme ya nchi zile zile zinazoimiliki. Wanapokea umeme, fakture inabaki ku meza. Mashine inazeeka, pesa ya kuitengeneza haipo. Vita haikuua barage. Kutolipa kunaweza kuiua polepole, bila risasi. Na sasa kuna mupango wa Ruzizi III, megawati 206, tena kwa nchi tatu. Umeongelewa miaka mingi. Siku utakapokamilika, swali litakuwa lile la zamani: nani atalipa, na atalipa siku gani?

Vijana wenzangu, wengi kati yetu tumesoma sheria, uchumi, uhusiano wa kimataifa, uinjinia. Tunapenda kungojea siku maprezida watapeana mikono mbele ya kamera. Walishapeana mara nyingi. Kazi iliyobaki haina kamera: kuandika mukataba unaosema wazi asiyelipa atafanywa nini, kupima maji, kusoma kompteri, kumutetea mama wa jeto ili haki yake ya kupita isitegemee kanuni iliyobadilishwa usiku.

Muto haujawahi kutuuliza kama tunapendana. Unashuka tu, kila siku, toka Kivu mpaka Tanganyika. Ujirani hatukuuchagua. Lakini fakture yake, sisi ndio tutailipa, ao watoto wetu.